Bwawa ni la Mdosi, Lakini Ukuta Ukitoka ni Wewe Unabebwa

Tuanze na ploti yako. Ile 50 kwa 100 umekuwa ukilipia polepole, mwezi baada ya mwezi, kwenye shamba la zamani la kahawa huko Kiambu. Broka alikupeleka Jumamosi na Probox, akakuonyesha barabara, nguzo za stima, na lile bwawa juu ya mteremko. Akakwambia hewa ni safi na wikendi utakuwa unapiga picha hapo na mbogi yako. Ukapenda. Lakini kuna swali hukuuliza: huo ukuta wa udongo unaozuia maji yote hayo ni wa nani, na mara ya mwisho mtu kuukagua ilikuwa lini?

Kama huna ploti, basi fikiria ushago. Nakuru, Laikipia, Uasin Gishu, Trans Nzoia, Machakos, wasee wengi wamekua wakiteka maji, wakinywesha ng'ombe ama wakiogelea kwa bwawa la tajiri fulani. Wengine huliita silanga. Liko hapo tangu guka akiwa kijana, na hakuna mtu hulifikiria kama kitu kinaweza kumaliza kijiji kwa dakika chache.

Kinaweza, na Kenya tushaona.

Usiku ule wa Solai

Jumatano, 9 Mei 2018, giza likiwa limeshaingia, ukuta wa bwawa la kibinafsi kwenye shamba moja kubwa huko Solai, kaunti ya Nakuru, ulibomoka. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Maji na matope yakashuka mteremko, yakapitia vijiji vilivyokuwa chini, yakabeba nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walikuwa karibu 50, na watoto walikuwa wengi.

Upande wa shamba ulisema mvua kubwa ndiyo ilileta mawe na miti kutoka juu na kuharibu ukuta. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ile tunaita WRA, ilisema bwawa halikuwa na kibali. Kamati maalum ya Seneti ikachunguza, na ripoti yake ikasema hivyo hivyo: mabwawa yalijengwa bila idhini zinazotakikana.

Sasa hapo simama kidogo. Hilo halikuwa bwawa la kujificha. Ni ukuta mkubwa wa udongo, kwenye mteremko, na watu wanaishi chini yake na kuuona kila siku. Kibali kilianza kutafutwa wakati watu walikuwa wanatolewa kwa matope.

Kesi ilienda kortini mwaka huo huo. Washtakiwa walikuwa tisa, wakiwemo watu wa shamba na maafisa wa serikali, na ndani kulikuwa na mashtaka 48 ya kuua bila kukusudia. Wote walikana. Februari 2020, mahakama ya Naivasha ikawaachilia kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea. Baadaye mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta uamuzi huo, ikasema kesi irudi. Siko hapa kusema nani ana hatia, hiyo ni kazi ya korti. Ninachosema ni hiki: kwa yule aliyezika watoto wake, korti ilikuwa imeshachelewa hata kabla kesi ianze. Ulinzi wa maana ungekuja kabla ya 9 Mei, wakati bado kulikuwa na mtu wa kulindwa.

Mai Mahiu pia ina somo

Kuna mtu atasema, "Hata Mai Mahiu ilikuwa dam." Hapana, na hii ni vizuri uishike.

Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Stori ya kwanza iliyozunguka ilikuwa kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Kisha wizara ya maji ikasema si bwawa. Ni njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli, ikazibwa na takataka, miti na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, tuta likashindwa.

Umeona hapo? Udongo uliorundikwa kubeba reli uligeuka kuwa ukuta wa bwawa bila mtu kupanga. Udongo haujui uliwekwa kwa kazi gani. Ukizuia maji nyuma yake, na maji yakose pa kutokea, hilo tayari ni bwawa, na halina injinia wala mlinzi.

Siku chache baadaye, serikali ikatangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 yalikuwa yamejaa ama karibu kujaa, na watu wa karibu wakaambiwa wahame. Wengi waliambiwa wana masaa 24. Wazia hiyo: una mathee mzee, una kuku, una watoto wa shule, na ndio mara ya kwanza unasikia kwamba lile bwawa la hapo juu lina shida.

Dogo kivipi?

Neno linalotudanganya hapa ni "dogo". Bwawa la mkulima si Masinga, si Thwake, kwa hivyo hakuna mtu hushtuka.

Kanuni za maji za 2007 ziligawa mabwawa kwa madaraja. Daraja la chini kabisa ni lile ambalo kina cha maji hakifiki mita 5 na ujazo hauzidi mita za ujazo 100,000. Kwa makaratasi hilo ni bwawa dogo. Sasa piga hesabu. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na uzito wake ni tani moja. Mita 100,000 ni lita milioni 100. Chukua zile lori za maji za lita 10,000 zinazopita mtaani kwako wakati bomba zimekauka. Unahitaji lori 10,000 kubeba maji hayo. Halafu zote zimwagwe kwa mteremko mmoja, usiku, kwa wakati mmoja.

Ndio maana wahandisi wa mabwawa hawaangalii kimo pekee. Wanauliza: likibomoka, ni nani yuko chini? Bwawa kubwa juu ya pori tupu linaweza kuwa na hatari ndogo kuliko kabwawa kalicho juu ya shule ya msingi.

Na hapo ndipo sisi watu wa town tunaingia. Mengi ya mabwawa ya mashamba makubwa yalichimbwa enzi za walowezi, ama miaka ya kwanza baada ya uhuru. Wakati huo chini yake kulikuwa na malisho, kahawa, labda nyumba mbili tatu za vibarua. Leo shamba limekatwa vipande. Kuna maploti, kanisa la mabati, shule ya nasari, kibanda cha smokie na stendi ya nduthi. Ukuta ni ule ule wa zamani, umezeeka. Hakuna mtu ameuongeza hata futi moja, lakini idadi ya watu ambao unaweza kuwaua imepanda. Hatari imekua na bwawa halijakua.

Kwa hivyo mwenye bwawa anaweza kukwambia, bila kudanganya, "Hili bwawa limekaa miaka 60 na halijawahi leta shida." Ni kweli. Lakini kwa hiyo miaka 60, wewe hukuwa hapo chini.

Ukuta wa udongo huanguka vipi

Hapa usilale, hii ndio rada yenyewe. Ukuta wa udongo ni kitu poa sana ukijengwa vizuri. Unapangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka linashindiliwa likiwa na unyevu wa kiasi, katikati kuna udongo wa mfinyanzi wa kuzuia maji, na pande zote mbili zinalala taratibu, si wima kama ukuta wa nyumba. Ukuta kama huo unaweza kudumu miaka mia.

Lakini una maadui wawili wakubwa.

Wa kwanza ni maji kupita juu. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa muda. Wa udongo hauwezi. Maji yakianza kumwagika juu, yanachuna upande wa nyuma kama vile mvua huchimba barabara ya murram. Kinaanza kijito, kinakuwa mtaro, mtaro unakuwa pengo, na pengo likifungua, bwawa lote linatafuta kutoka hapo hapo.

Ndio maana kila bwawa la udongo lazima liwe na njia ya maji ya ziada: mfereji mpana kando ya ukuta, ulio chini kuliko kilele cha ukuta, ili mafuriko yakija yapitie huko. Mfereji huo unaweza kukaa mkavu mwaka mzima, na hapo ndipo shida huanza. Mwenye shamba anaona ni nafasi inalala bure. Analima hapo nepia. Anapitisha ua. Anaweka wavu ili samaki wake wasihepe. Ama anafanya ile mbaya zaidi: kiangazi kikikaza, anapanga magunia ya mchanga kwenye mdomo wa mfereji ili bwawa lishike maji mengi kidogo. Kwa macho yake ameongeza maji ya bure. Ukweli ni kwamba amefunga mlango wa dharura na watu bado wako ndani.

Adui wa pili ni maji kupita ndani. Kila ukuta wa udongo hutoa jasho kidogo, hiyo si noma. Noma ni maji yakipata njia: shimo la fuko ama muhanga, kichuguu cha mchwa, mzizi wa mti uliokufa ukaoza na kuacha tundu, ama kando ya bomba la kutolea maji ambapo udongo haukushindiliwa vizuri. Maji yakipita hapo yanabeba chembe za udongo, tundu linapanuka kutoka ndani, na nje unaona tu kachemchemi. Angalia rangi. Maji masafi yanayotoka kidogo, kiasi kile kile kila wiki, yanahitaji kufuatiliwa. Maji ya matope, ama yanayoongezeka, maana yake ukuta unaliwa kutoka tumboni. Hiyo si ya kungoja wiki.

Kazi yenyewe ni ya jembe na fyekeo

Kinachouma ni kwamba utunzaji wa bwawa dogo si kitu cha kutuma roketi. Nyingi ni kazi ya kibarua.

Nyasi fupi zifunike ukuta wote. Ile kikuyu grass unaikanyaga kila siku ni mojawapo ya nyasi bora za kazi hiyo, inashika udongo vizuri. Nyasi zifyekwe ili nyufa na mashimo yaonekane. Miti ing'olewe ikiwa bado midogo. Ikishakuwa mikubwa usiing'oe ovyo, itisha mtu anayejua, kwa sababu mzizi mkubwa ukitoka unaacha tundu. Ng'ombe wasifanye ukuta njia yao ya kwenda kunywa, kwato zinachimba mfereji. Mashimo ya wanyama yazibwe na kushindiliwa. Kilele kikidondoka sehemu moja, kijazwe, kwa sababu hapo ndipo maji yatapita kwanza. Mfereji wa ziada uwe wazi kabla ya mvua, si baada. Bomba la kutolea maji lifunguliwe mara kwa mara lisije likagoma siku linahitajika. Halafu mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, awe anatembea ukuta mzima kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa.

Ukiona hizo ni vitu vidogo, skia stori ya Marekani. Huko Pennsylvania kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, mali ya klabu ya matajiri, wakiwemo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Lilikuwa la kuvulia samaki na kupunga upepo. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki wa awali na hayakurudishwa. Kilele cha ukuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite. Kwenye mfereji wa ziada waliweka wavu ili samaki wasitoroke. Mvua kubwa ikaja. Tarehe 31 Mei 1889 ukuta ukatoka, mji wa Johnstown ukabebwa, na watu 2,209 wakafa. Hakuna hata mwanachama mmoja wa klabu aliyepatikana na hatia kortini.

Bomba, kilele, wavu. Vitu vitatu ambavyo fundi na vibarua wachache wangerekebisha. Ukienda leo kwa bwawa la mkulima yeyote ambaye hajali, vitu vya kwanza kukagua ni hivyo hivyo.

Tatizo ni hesabu ya nani analipa

Sasa tusifanye kila mwenye bwawa shetani. Hii nchi inahitaji maji. Tulipopitia ukame wa kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua ikikosa msimu baada ya msimu, mwenye bwawa alikuwa anaokoa mifugo yake na mara nyingi ya majirani pia. Serikali yenyewe imekuwa ikihimiza wakulima wavune maji ya mvua. Mkulima wa kawaida aliyechimba silanga yake si bilionea, na kumleta injinia kukagua ni doh ambayo angetumia kwa mbegu ama karo.

Lakini angalia vile hesabu imekaa. Maji ni ya mwenye bwawa. Samaki, nyanya, maua na maziwa yanayotokana na maji hayo ni yake. Akiacha kufyeka ukuta mwaka huu, akiba ni yake. Hatari ndio ameigawa, na amewapa watu ambao hawakuulizwa: kibarua, mpangaji, mwalimu wa nasari, wewe na ploti yako. Mtu akila faida peke yake na hasara igawiwe wengine, ukuta hautafyekwa. Si lazima awe mbaya, ni vile tu mfuko wake haumuumi.

Sheria ilijua hii kitu kitambo. Mwaka 1868, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi inayoitwa Rylands dhidi ya Fletcher. Mwenye kiwanda alijengewa bwawa kwenye ardhi yake, maji yakapenya kwa mashimo ya zamani ya machimbo na kufurika mgodi wa jirani. Yeye binafsi hakuwa amezembea, waliojenga ndio walikosea. Bado korti ikasema alipe. Kanuni iliyobaki ni kwamba ukileta kwa ardhi yako kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, unakiweka kwa hatari yako mwenyewe. Kanuni hiyo ilikuja kwetu na sheria za Kiingereza, na mawakili wa Kenya huitumia hadi leo. Angalia imetoka wapi: bwawa la kibinafsi.

Na upande wa kuzuia, Sheria ya Maji ya 2016 iliipa WRA kazi ya kusimamia vibali. Huwezi tu kuamka na kuzuia mto. Unahitaji kibali, unahitaji mchoro wa mtu aliyehitimu, na kwa miradi ya aina hii kuna upande wa mazingira unaopitia NEMA. Kwa makaratasi tuko fiti.

Kinachokosekana ni mguu wa afisa kwenye ukuta wakati jua linawaka. Sirkal yetu hukagua mabwawa vile wengine wetu hurekebisha mabati: wakati tayari inavuja kitandani. Kila msiba unaleta kamati, kila kamati inaleta ripoti, halafu jua linatoka na tunasahau hadi masika ijayo. Kazi rahisi na ya bei nafuu ni ya kiangazi. Maji yakiwa chini unaona ukuta wote, unaziba, unashindilia, unafungua mfereji. Maji yakishafika kwenye kilele, kilichobaki ni kuhamisha watu na kuomba.

Kitu kimoja kingebadilisha mambo haraka: orodha ya mabwawa yote ya kibinafsi, kaunti kwa kaunti, iliyo wazi kwa kila mtu. Mwenye bwawa ni nani, kibali kipo ama hakipo, lilikaguliwa lini, na nani anaishi chini. Broka angepata shida kukuuzia ploti hiyo kimya kimya. Chifu angejua agonge mlango wa nani usiku. Na mwenye bwawa angejua kwamba watu wanamwangalia.

Sasa wewe ufanye nini?

Usiniambie hiyo ni kazi ya wazee wa kijiji. Wewe ndio una simu, una bando, na unajua kuandika barua pepe.

Kabla hujalipa ploti, panda mteremko. Usiangalie tu beacon na choo cha jirani, fuata maji hadi juu. Ukipata bwawa, uliza ni la nani. Ukisharudi, uliza WRA kama lina kibali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Na hii wengi hawaijui: kama habari unayotaka inahusu uhai ama uhuru wa mtu, wanatakiwa kukujibu ndani ya masaa 48. Bwawa linalovuja juu ya nyumba za watu ni suala la uhai, kwa hivyo liandike hivyo kwenye barua. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

Ukienda ushago, tembelea bwawa, lakini si kwa kuogelea. Cheki vitu vitano. Mfereji wa maji ya ziada uko wazi ama umezibwa? Kilele kiko sawa ama kuna mahali pamelala? Kuna nyufa ama sehemu ya ukuta imeteleza? Kuna miti mikubwa na mashimo ya wanyama? Na chini ya ukuta, upande usio na maji, kuna mahali pa tope ama chemchemi, na maji yake ni ya rangi gani? Piga picha kutoka mahali pamoja kila unapoenda. Picha ya Desemba ukiiweka kando ya ya Aprili inaweza kusema kitu ambacho jicho halikuona.

Kisha ongea na mwenye bwawa kwanza, kwa heshima. Mzee akiambiwa na mtoto wa jirani kwamba nepia imeziba mfereji wake, mara nyingi ataituma panga. Akikataa, kuna chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu, kile kinaitwa WRUA, kilichotambuliwa na Sheria ya Maji. Kuna chifu, kuna ofisi ya WRA ya eneo. Andikeni mkiwa wengi, mpige muhuri nakala yenu. Barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri ni ngumu kuikana baadaye.

Na kama ni usiku wa mvua na mnaona maji ya matope yanaongezeka chini ya ukuta, ama yameanza kumwagika juu, msiende kuchimba ukuta ati mpunguze maji. Mtafungua pengo wenyewe. Kama bomba la kutolea maji linafanya kazi, mwenye bwawa alifungue mapema kabla hali ifike hapo. Ikishafika, kazi ni moja: watu wapande juu, pembeni ya bonde, mara moja. Usikimbie kufuata bonde kushuka, maji yatakushinda mbio. Mjue sahii, mkiwa na jua, ni njia gani mtapanda na nani atambeba shosho.

Mwisho, kama wewe ndio unapanga kuchimba, maana najua wasee wengi sahii wanaingia kwa ukulima wa simu na wanataka silanga yao, weka pesa ya utunzaji kwenye bajeti kutoka siku ya kwanza. Kama huna ya injinia na kibali, chukua tangi, ama shimo dogo la ndani ya ardhi lisilo na ukuta uliopanda juu. Shimo lililo chini ya ardhi likivuja, unapoteza maji tu. Ukuta ulioinuliwa ukitoka, majirani wako ndio wanapotea.

Mvua ya masika kawaida huanza Machi. Hesabu miezi iliyobaki. Hiyo ndio nafasi ya fyekeo na jembe, na hiyo ndio nafasi ya barua yako. Tuma hii kwa grupu ya familia, halafu uwaulize swali moja: lile bwawa la juu, nani huliangalia?

Kama grupu yote itanyamaza, hapo ndipo pa kuanzia.